Fundi Aliyemshona Malkia Upya

Habari ilinifikia Alhamisi asubuhi nikiwa Mbeya, kwenye foleni ya kupimwa macho. Mama muuza vitumbua, jirani wa fundi mlango kwa mlango, alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwandishi, fundi wetu katutoka alfajiri hii. Ni ile homa ya mapafu. Wanamzika leo leo, baada ya adhuhuri." Niliusikiliza mara tatu kana kwamba mara ya tatu ungesema jingine. Kisha nikaiacha foleni. Nilipofika Tukuyu mvua ilikuwa imeshika, watu wanarudi kutoka makaburini na matope hadi magotini, na mimi, mtu ninayejisifu humu kwamba sichelewi tarehe ya kuwasilisha makala, nilikuwa nimechelewa kumzika mtu niliyemhitaji zaidi ya alivyonihitaji. Tangu siku hiyo sijatulia. Nakaa, nasimama, naanza sentensi, naifuta. Wasomaji wangu mnaonizoea mnisamehe kama safu ya leo itakwenda mwendo wa mtu aliyevaa kiatu chenye changarawe.

Alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kimoja cha duka jirani na soko. Babu yake alikuja kutoka pwani enzi hizo kushona kwenye baraza la mfanyabiashara wa Kihindu, na ufundi ukashuka kutoka kwa babu hadi kwa mama, kutoka kwa mama hadi kwake. Pamoja na ufundi ilishuka hadithi moja. Mke wa yule mfanyabiashara alikuwa mpweke, hana wa kuzungumza naye Kigujarati isipokuwa mumewe, kwa hiyo akajifunza Kiswahili kwa kumsimulia binti wa huyo babu, mama yake fundi wetu, kisa kikubwa cha dini yao, kipande kila alasiri, huku akimwonyesha picha za kalenda iliyoning'inia ukutani. Familia ile ilipohama iliwaachia kalenda. Fundi wetu alikua akiitazama, na alinisimulia kisa chenyewe mara nyingi kiasi kwamba nakijua kama ninavyojua njia ya kwetu.

Ni kisa cha mwana wa mfalme aliyehamishiwa porini kwa hila za mama wa kambo, na mkewe akakataa kubaki kwenye jumba la raha, akamfuata. Huko porini mfalme wa mashetani mwenye vichwa kumi akamteka yule mke na kumvusha bahari. Mume akakusanya jeshi la nyani, wakajenga daraja, wakapigana, wakamkomboa. Hapo ndipo watoto hupenda hadithi iishe. Lakini haiishi. Mume anamwuliza mkewe: umekaa kwa mwanamume mwingine muda wote huo, nitajuaje kwamba u safi? Mke anaingia motoni mbele ya watu na anatoka bila hata unywele kuungua. Wanarudi kwao, wanatawazwa, watu wanashangilia. Kisha siku moja dobi anagombana na mkewe, anamwambia, "Mimi si kama mfalme, apokeaye mke aliyelala kwa mwingine." Neno linafika ikulu. Mfalme anajua mkewe hana kosa, lakini anamfukuza akiwa mjamzito, kwa sababu ya watu. Miaka baadaye anapomtaka ajithibitishe kwa mara nyingine, yule mke, ambaye mama yake ni ardhi, anamwomba mama yake afunguke. Ardhi inafunguka, inamchukua. Najua kwa waumini wake hicho ni kisa kitakatifu na mfalme yule wanamtukuza. Fundi naye alilijua hilo. Kalenda ile aliipangusa vumbi kila Ijumaa. Yeye alikuwa na swali moja tu la kuuliza, na halikuwa la dini.

Swali lilitoka kwenye maisha yake. Alikuwa ameolewa na kijana wa Mpuguso, mnunuzi wa parachichi, Mkristo, naye fundi ni Mwislamu. Walifunga ndoa bomani ili wazee wa pande zote mbili wakasirike sawasawa. Walipendana, sote tuliona. Mwaka mmoja wa mvua nyingi fundi alikwenda upande wa Matwebe kushona sare za kwaya. Akashikwa na malaria hukohuko, na daraja likachukuliwa na maji. Simu ikazima. Alikaa siku tisa nyumbani kwa kiongozi wa kwaya, mzee mgane aliyeishi na dada yake, na huyo dada ndiye aliyemuuguza. Alirudi amekonda, sehemu ya njia ameitembea kwa miguu. Mumewe alichinja kuku kwa furaha. Juma la pili akamwomba aape. Fundi akatawadha, akashika msahafu, akaapa. Mume akasema, "Yamekwisha, mke wangu." Na pengine yangekwisha, kama mji usingekuwa na midomo.

Sasa nifike mahali ninapopakwepa. Nilikuwa kwa kinyozi, Jumamosi, tumejaa kwenye benchi. Fundi viatu mmoja, mcheshi, akasema, "Mimi si kama yule bwana parachichi. Wangu akilala siku tisa kwa mwanamume, ya kumi analala kwao!" Benchi zima tukacheka. Nasema tukacheka, nilicheka. Katika masimulizi yetu yule dada wa mzee hakuwepo kamwe, tulikuwa tumemfuta ili kicheko kikae vizuri. Nikainua macho kwenye kioo, nikamwona mume wa fundi amesimama mlangoni nyuma yetu, kofia ya pikipiki mkononi. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akageuka akaenda. Siku ya tatu alimtumia mkewe nguo zake zote ndani ya gunia la salfeti, yale ya mbolea, kwa bodaboda, hadi dukani. Fundi alimpigia simu. Mama wa vitumbua alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Mume alisema, "Mimi nakuamini. Wallahi nakuamini." Mkristo yule alikuwa ameshajifunza kuapa kwa lugha ya mkewe. "Lakini watu."

"Watu gani?" fundi aliuliza.

"Watu," akasema, na simu ikakatika.

Yapata mwaka mzima alishona bila kuzungumza. Ukimpelekea nguo anapima, anaandika kwa chaki, anakuambia siku ya kuja. Halafu siku moja akaniita kutoka ng'ambo ya barabara. "Mwandishi, njoo unisahihishie Kiswahili." Nikaingia nikihofu atanikabili kuhusu kile kicheko. Kumbe alikuwa na jambo jingine. Kwenye meza ya kukatia alikuwa ametandika kaniki nyeusi, na juu yake wamelala watu wa vitambaa, warefu kama kiganja, viungo vyao vimefungwa kwa vifungo vya shati ili mkono uweze kuinuka na goti kukunjika. Nyani walikuwa wa kaki, mabaki ya sare za shule. Mfalme wa mashetani alikuwa na vichwa kumi vya vitenge kumi tofauti. Juu ya meza alikuwa amepigilia fremu ya mbao, simu imefungwa katikati inatazama chini. Anamsogeza nyani nusu ya ukucha, anapiga picha. Anamsogeza tena, anapiga tena. Mamia ya picha, kisha anazipitisha haraka kwenye kompyuta mpakato aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na nyani anatembea. Akanionyesha. Nilipiga kelele kama mtoto.

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

"Cherehani. Shono moja halionekani kitu. Shono elfu ni gauni."

Mwana wa mfalme alikuwa amekatwa kwenye shati la bluu. Nililijua shati lile, lilikuwa la mumewe, limebaki kwenye kamba nyuma ya duka, alikokuwa amelifulia, siku gunia lilipoletwa.

Kazi ile ilimchukua karibu miaka mitatu, katikati ya wateja. Alitumia mwanga wa dirisha kwa sababu umeme haukuaminika, na mnajua mwanga wetu: ukungu unashuka kutoka mlimani, jua linatoka, mvua inarudi, vyote kabla chai haijapoa. Kwa hiyo katika katuni yake porini panang'aa na kufifia bila mpango. Nilimshauri arudie vipande hivyo. "Hata wao walikuwa porini," akajibu. "Pori lisilo na mawingu umeliona wapi?" Siku moja alipiga chafya na jeshi zima la nyani likapeperuka hadi kwenye ndoo ya mkaa, alilipanga upya siku mbili bila kunung'unika. Wapo waliomwambia katuni ni za watoto na zinatoka ng'ambo. Mzee mmoja wa msikitini, kwa upole, alimuuliza kwa nini binti wa Kiislamu ahangaike na miungu ya watu. "Shehe wangu," alisema, "mimi siwaabudu, nawashona. Na huyu mwanamke aliyefukuzwa, niambie wewe ni wa dini gani." Shehe alicheka, akamwachia suruali ya kupunguza.

Ndipo akaja mama mkwe. Bibi huyu ni mkulima wa Mpuguso, ndizi na chai kidogo, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kinyakyusa. Mwanawe alipomfukuza mkewe yeye alinyamaza, na hakukanyaga duka lile tangu siku hiyo. Sasa alikuja na mkungu wa ndizi kichwani na sketi isiyohitaji kushonwa. Nilikuwepo nikisahihisha karatasi za masimulizi yake. Hakuna aliyelitaja lililowatenganisha. Bibi aliwatazama watu wa vitambaa, akauliza ni nini, na fundi, akiwa amesimama, akamsimulia kisa chote. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Mama yake yule mke alikuwa wapi siku zote hizo?" akauliza.

"Mama yake ni ardhi, mama."

"Alikuwa hapohapo chini ya miguu yao?"

"Hapohapo."

"Basi alikawia," bibi akasema. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Alikawia fijo, mno. Mimi nimlaumu nani, na mimi nilikuwa hapohapo."

Fundi aliweka mkasi chini. Nilitaka kutoka, lakini mlango ulikuwa upande wao. Kisha fundi akamwambia, "Mama, sijapata mtu wa kusema maneno ya ardhi." Na bibi akakubali palepale, kana kwamba ndilo lililomtoa Mpuguso. Mimi nilikuwa nimeandika maneno mazuri, nayakumbuka kwa aibu: "Njoo binti yangu, upumzike kifuani pangu milele." Bibi alijaribu mara mbili akashindwa. Kifua, milele, vilimkaa mdomoni kama meno ya kuazima. Mara ya tatu akaitupa karatasi. "Gwe mwana gwangu," yaani wewe mwanangu, akasema kwa sauti ya kumwita mtu aliye uani, "ingia ndani, mvua inanyesha." Nikasema tujaribu tena. Fundi alikuwa ameshazima kinasa sauti. "Ndiyo hiyo," alisema.

Kosa langu la pili nililifanya kwa nia njema, na nia njema ndiyo inayonikera zaidi. Katuni ilipokaribia kuisha nilimshauri abadilishe mwisho. Mfalme aombe radhi, mke asamehe, watu wapate kutoka ukumbini na furaha. Nilimweleza kwamba wasomaji, hata watazamaji, hupenda kupumzishwa. Alinisikiliza huku akitia uzi kwenye sindano. "Ndugu mwandishi," akasema, "hapo anayetaka kupumzika ni nani? Yeye, au wewe?" Sikujua kama anajua kuhusu kicheko changu. Nilikunywa chai yangu upesi nikaaga.

Aliionyesha Jumapili moja alasiri katika ukumbi wa kukodi, madirisha yamezibwa kwa khanga, shuka jeupe ukutani. Walikuja Waislamu wa sokoni na wanakwaya kutoka Kawetele, wanawake wamebeba watoto mgongoni. Nyani walipojenga daraja ukumbi uliangua kicheko na vigelegele. Vichwa kumi vilipotokea watoto walijificha. Fundi mwenyewe ndiye aliyesimulia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekuambia gauni lako litakuwa tayari lini. Kisha ikafika sehemu ya dobi, na hapakuwa na dobi. Palikuwa na duka la kinyozi, kioo cha karatasi ya fedha, benchi, na wanaume wa vitambaa wamekaa wanatikisika kwa kicheko. Sehemu hiyo hakunipa niisahihishe. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa na miwani ya waya na kalamu kwenye mfuko wa shati, na suruali yake ilikuwa ya kahawia yenye mistari. Niliinamisha macho nikaitazama suruali niliyovaa. Ilikuwa ileile, yeye ndiye aliyenipunguzia urefu.

Wasomaji wangu, sijui kama mmewahi kujiona mkitikisika kwa kicheko mbele ya watu mia, mkiwa kitambaa. Hakuna aliyenigeukia. Walikuwa wakimtazama mwanamke mdogo wa kitenge akitembea peke yake kuelekea porini, tumbo limetangulia, na tulisikia mvua ikianza kwenye mabati. Mume wa fundi alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo. Mwisho ulipofika na ardhi ikapasuka, ilitoka sauti ya mama yake mzazi ikimwita mwana wa mtu mwingine aingie ndani. Yule bwana alishika mwimo wa mlango. Alikaa chini palepale, kwenye sakafu, mbele ya viatu vya watu.

Taa zilipowashwa alimfuata fundi, aliyekuwa anakunja shuka. Alisema bila kujali nani anasikia, "Nimekosa. Rudi nyumbani." Nilikuwa hatua nne nyuma yao. Kusema kweli moyo ulinipanda: nikadhani ule mwisho wangu umekuja wenyewe.

"Nimekusamehe," fundi alisema. "Nimekusamehe zamani, nilipokuwa nakata lile shati. Nisingeweza kulikata na hasira, lingeharibika."

"Basi twende."

"Kusamehe ni kwangu. Kurudi ni jingine. Nishikie ncha hiyo." Akampa ncha ya shuka, wakalikunja pamoja, wakalikunja tena, mpaka likawa dogo, akalichukua. Aliendelea kuishi chumba cha nyuma ya duka. Katuni ilizunguka kwenye kumbi za parokia na madarasa ya shule ikiwa kwenye flashi. Haikumfanya maarufu wala tajiri, na sijawahi kumsikia akilalamikia hilo. Ila wanawake walianza kuja dukani na nguo zisizohitaji kushonwa. Wanakaa, wanazungumza, wanaondoka. Mkwewe alikuja kila siku ya gulio, na homa ilipomshika fundi mwezi uliopita ndiye aliyehamia na kulala pembeni yake hadi mwisho. Msibani wageni walipouliza yule bibi mwenye rozari katikati ya wanawake wa Kiislamu ni nani, walijibiwa, "Mama yake," na hakuna aliyeona haja ya kufafanua.

Na mimi? Tangu alasiri ile ya ukumbini ilipita miaka minne. Nilipita mbele ya duka lile karibu kila siku. Tulisalimiana, tulitaniana, nilimsahihishia barua. Sikumwomba radhi. Kwanza nilijiambia ameshanilipa, nimeshaonekana, tumemalizana. Baadaye nikajiambia nitamwomba kwa namna inayolingana na cheo changu, yaani kwa makala, humu, mbele yenu, makala nzuri itakayomheshimisha. Niliianza mara nyingi. Kila mara ilikuwa na sentensi tamu kuhusu jamii, kuhusu ulimi, kuhusu vyombo vya kisasa kufufua visa vya kale, na kila mara ilikosa neno moja fupi la mtu wa kwanza. Naandika kwa kujipatia riziki zaidi ya nusu ya umri wangu, na sikuweza kuandika "nilicheka."

Siku ya pili ya msiba nilikaa turubaini na wanaume. Kijana mmoja mgeni, dalali wa viwanja, akauliza kwa nini marehemu hakuwa na mume. Mzee wa pembeni yangu akashusha sauti, "Aa, kulikuwa na kisa cha siku tisa…" na nikaona watu wakisogeza viti, vilevile tulivyosogea zamani. Hata maji ya kuoshea maiti hayajakauka uani. Nikasema, kwa sauti iliyonitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Alikuwa mgonjwa wa malaria na daraja lilikatika. Aliuguzwa na mama mmoja wa watu. Alimaliza siku tisa, akarudi kwa mumewe. Sisi tulimcheka, mumewe akatusikia, akamwacha. Mimi nilikuwa mmoja wao." Mzee alitazama vidole vyake. Dalali alitoa simu akajifanya anasoma. Nilinyanyuka nikaenda uani kwa yule bibi wa Mpuguso, nikayarudia kwake maneno yaleyale, maana nilikuwa nimeyapata na niliogopa yatanitoroka. Alinisikiliza huku akimenya ndizi. Nilingoja anikemee au anisamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. "Ungemwambia mwenyewe," alisema. "Angekutania, mngecheka, mngekunywa chai." Akanipa kisu, nikakaa kando ya sinia lake, nikamenya.

Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno, na mimi nimelijenga langu kwa ufundi mkubwa, vyumba vingi, madirisha mapana. Nilichojifunza kwenye sinia lile la ndizi ni kidogo na hakihitaji jumba. Tunapenda kusema watu walisema, watu hawatakubali, tutawaambia nini watu. Yule bwana alimpoteza mke kwa neno hilo, na mfalme wa kwenye kisa alimpoteza malkia. Lakini watu hawa wana majina, wana suruali za mistari, wananyolewa Jumamosi. Unaweza kuwahesabu kwenye benchi. Kwa hiyo msomaji, ikiwa leo kuna mtu unayepita mlangoni kwake ukiwa na deni la neno kama langu, usimwandikie makala. Vuka barabara ukamwambie angali anasikia.